Kipa akitema mpira, goli lile ni la mabeki. Tuache kumsema kipa

Beki Namba Tano (Arusha)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi Jumapili vijana wangu wametolewa nusu fainali ya kombe la mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye mti nyuma ya goli, anakula majani, hana habari. Tulikuwa tunaongoza 1-0, zimebaki kama dakika saba. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Aprili ambayo sisi wa Sakina tunakaa siku tatu hatuuoni Mlima Meru, na mbele ya goli kulikuwa na dimbwi ukubwa wa meza ya chakula.

Mtu wao akaachia shuti kutoka mita kama 20. Halikuwa shuti la kutisha. Likadunda kwenye ukingo wa dimbwi, likateleza, kipa wangu akalipokea kifuani, likamponyoka. Mpira ukatoka taratibu, mita mbili hivi, ukakaa kwenye tope kama andazi kwenye sinia.

Sasa hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo uzi wangu ulipo. Nilikuwa na mabeki watatu ndani ya 18, yaani lile boksi kubwa la mbele ya goli. Wa kulia alinyoosha mkono juu kudai jamaa kaotea. Mmoja wa kati alishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyepigiwa simu kwamba nyumba yake inaungua. Wa tatu ndiye pekee aliyekimbia. Akafika sambamba na straika wao, akabutua kwa nguvu zake zote, mpira ukampiga mgongoni yule aliyenyoosha mkono, ukarudi wavuni. 1-1. Tukaenda penalti, tukatoka.

Kwenye Noah wakati wa kurudi hakuna aliyemgusa beki hata mmoja. Wote walimshukia kipa. Dogo ana miaka 17. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, glavu zimelowa, kaziweka mapajani, hakujibu neno. Saa nne usiku akajitoa kwenye kundi la WhatsApp la timu. Mpaka naandika hapa hajarudi.

Bahati mdogo wangu alikuwa anarekodi kwa simu. Usiku ule nikaiangalia video, nairudisha, naisimamisha, nairudisha, mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna mtu kaibiwa. Tangu mpira unatoka mguuni kwa mpigaji mpaka straika wao anaufikia, straika alipiga hatua saba. Alianza kukimbia kabla kipa hajaugusa mpira. Mabeki wangu wawili, hatua sifuri. Waligeuka watazamaji, na kiingilio hawakulipa.

Wazee wenzangu mtakumbuka fainali ya Kombe la Dunia 2002, tarehe 30 Juni, kule Yokohama. Kwetu ilikuwa Jumapili saa nane mchana, mimi niliitazamia kwenye banda, tumebanana kama viberiti. Oliver Kahn, kipa wa Ujerumani, alikuwa ameruhusu goli moja tu mashindano mazima kabla ya siku ile. Dakika ya 67 Rivaldo wa Brazil anapiga shuti la chini, Kahn anautema, Ronaldo mwenzake anamalizia. Dunia nzima mpaka leo inasema kosa la Kahn. Sawa, alikosea. Lakini rudini muangalie Ronaldo anatokea wapi. Ni yeye aliyempora mpira Hamann wa Ujerumani, akampa Rivaldo, na baada ya kutoa pasi hakusimama hata kidogo. Shuti linapigwa, yeye yuko njiani. Wajerumani walikuwa na mabeki watatu wa kati siku ile, na Kahn alipokuwa anatambaa kuufuata ule mpira hakuwa na mtu mbele yake wa jezi nyeupe. Akaishia kukaa ameegemea mwamba, peke yake, na picha ile ndiyo watu wanayomkumbukia.

Ninachowafundisha vijana ni hiki. Shuti likiondoka tu mguuni, wewe beki kazi yako ya kuzuia shuti imekwisha, na ya pili imeanza hapohapo. Geuka, kimbia kuelekea golini kwako kana kwamba una uhakika kipa atautema. Mara tisa ataudaka, utakuwa umekimbia bure mita sita, hutakufa. Aliye karibu na mpira anakwenda kwenye mpira. Wa pili anakwenda kwenye mstari nyuma ya kipa. Wa tatu anatafuta mtu, wala asiutazame mpira, maana daima kuna straika wa pili anayekuja amenyamaza. Na yule beki wa pembeni wa upande wa pili, anayependa kubaki kule mbali anarekebisha soksi, aingie ndani. Shuti la chini la mshazari likitemwa, mara nyingi linaangukia upande wake.

Ukiufikia mpira, kabla ya yote jiulize uso wako unatazama wapi. Ukiwa unatazama uwanja, piga juu na pembeni, usiwe na huruma. Ukiwa unatazama goli lako, ole wako ukibutua. Tumia ubapa wa mguu ulio karibu na mstari wa pembeni, uuchote tu utoke, hata iwe kona. Na kama kipa bado ana nafasi ya kuurukia, achana na mpira, mzibie straika njia kwa mwili, kipa amalize mwenyewe.

Nimemaliza. Nataka kusikia wanaosema kipa ndiye mwenye kosa waje na hoja.

Chalii wa Ngarenaro

Mkuu mimi nilikuwepo pale Jumapili. Yule beki wako wa kulia alinyoosha mkono hadi goli likaingia, hadi wakashangilia, hadi mpira ukarudishwa kati, mkono bado uko juu. Nilidhani anaomba kwenda chooni.

Mzee wa Mkeka

Umenitonesha kidonda. Mei 8, 2024, Bernabéu, nyumbani kwa Real Madrid, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Bayern anaongoza 1-0, mkeka wangu wa kubeti una mechi nane na saba zimeshaingia, imebaki Bayern tu kwenda fainali. Neuer, kipa wa Bayern, siku hiyo alikuwa anadaka mpaka inzi. Dakika ya 88 Vinícius wa Madrid anapiga shuti ambalo Neuer angelidaka akiwa anakunywa chai. Akalitema. Joselu, mtu aliyeingia kutoka benchi, yuko pale. Dakika ya 91 Joselu tena. Mimi nilitoka nje ya baa Kijenge nikasimama barabarani kama mwanamazingira, natazama miti.

Kwa hiyo mkuu unaniambia nimekuwa nikimtukana Neuer miaka yote hii kumbe nilitakiwa kuwatukana mabeki? Sawa, naanza leo.

Kipa wa Pasua (Moshi)

Beki Namba Tano, Mungu akubariki. Mimi nimedaka mchangani miaka 14, Moshi yote wananijua, na hii ni mara ya kwanza kusikia beki anasema hivi. Nina hamu ya kuuchapa huu uzi niubandike mlangoni kwa kila beki niliyecheza naye.

Lakini nikukosoe kidogo. Umeongea yote kuhusu miguu, hukuongea mdomo. Kipa akiwa chini, mpira uko mita moja mbele, hamuoni mtu wa nyuma yake na hajui beki anafikiria nini. Kwenye timu yetu tulikuwa na maneno matatu tu. Mimi nikisema "yangu", beki hagusi, anaziba njia. Nikisema "toa", anautoa, hanisubiri. Yeye akiniambia "lala", nauangukia nilivyo hata kama sioni kitu. Hakuna neno la nne. Kuna beki mmoja alikuja kutoka timu nyingine, yeye alikuwa anapiga kelele "oyaaa!" Oyaa ndiyo nini? Nifanye nini na oyaa?

Kwa ajili ya oyaa hiyo kidole changu cha pete mkono wa kulia hakikunji mpaka leo. Mpira niliutema, nikaurukia mara ya pili, nikauwekea mkono, tayari ni wangu. Beki wangu mwenyewe, wa jezi moja na mimi, akaja na daluga lake akaubutua mpira pamoja na vidole. Nilisikia kama kijiti kikavu kinavunjika. Mpira ulikwenda kona, jukwaa linampigia makofi kwa kuokoa. Mimi naviringika kwenye vumbi.

Nikienda kula kisusio, ile supu yetu ya Kichagga, nashika bakuli kwa mkono wa kushoto. Watu wanadhani ni mambo ya kienyeji.

Beki Namba Tano (Arusha)

Pole sana mkuu. Hilo la mdomo nalichukua kama lilivyo, na kesho naanza na "yangu", "toa", "lala". Vijana wangu wanapiga kelele sana lakini nikikumbuka vizuri wote wanasema "mtu! mtu! mtu!" na uwanja una watu 22.

Filimbi Mfukoni (Moshi)

Nimechezesha ligi za wilaya na mkoa kabla magoti hayajagoma. Naona kuna mambo hapa yakiachwa hivi watu watapewa penalti Jumamosi.

Kwanza kocha, hilo la kumzibia straika njia kwa mwili. Ni halali mpira ukiwa karibu na wewe kiasi cha kuweza kuucheza. Hapo unaukinga, na kila mchezaji ana haki ya nafasi aliyosimama. Lakini mpira ukiwa mbali na wewe, ukahama kwenda kumwekea mtu kifua ili asifike, huko ni kumzuia. Bila kumgusa, ni faulo isiyo ya moja kwa moja. Ukimgusa, ni ya moja kwa moja, na ndani ya 18 maana yake ni penalti. Kwa hiyo waambie vijana wawahi kusimama kati ya mtu na mpira, wasimfuate mtu kumkumbatia. Wakichelewa, wamechelewa.

Pili, yule wa mkono juu. Wakati mwingine anakuwa na haki, ila mkono haumsaidii. Mchezaji akiwa ameotea wakati mwenzake anapiga shuti, kipa akaupangua au akautema, ukamfikia akafunga, huyo bado ameotea. Kuokoa kwa kipa hakufuti kuotea, vilevile mpira ukigonga mwamba. Wengi mtaani wanaamini ukishamgusa kipa basi kila mtu yuko huru. Si kweli. Kinachofuta kuotea ni beki kuucheza mpira kwa makusudi akiwa na nafasi ya kuutawala, halafu akakosea. Sasa fikiria: kipa katema, straika mmoja kaotea, beki ana muda na nafasi, anataka kuutoa, anaupiga vibaya, unamwangukia yuleyule aliyeotea. Goli. Na mtanipigia kelele mpaka nyumbani. Chezeni mpaka filimbi ilie. Mchangani mshika kibendera mwenyewe wakati mwingine ni shemeji wa mtu.

Tatu, kwa Kipa wa Pasua. Mpira ukiwa kati ya mkono wa kipa na ardhi, hata mkono mmoja, umeshadakwa. Mpinzani akiupiga hapo ni faulo. Bahati mbaya sheria haisemi chochote kuhusu beki wako mwenyewe kukuvunja kidole.

Nne, kipa akitema akaudaka tena hana kosa, hata akitema mara tatu. Lakini beki akiufikia kwanza, akaona kipa yuko karibu, akampasia kwa mguu "haya chukua", kipa akaudaka kwa mikono, hiyo ni pasi ya nyuma, imekatazwa tangu 1992. Kwa kichwa, kifua au goti ruksa, ilimradi asifanye ujanja wa kuinua mpira ili akwepe sheria. Nimewahi kuitoa hii mara moja tu, dakika za mwisho, faulo kwenye mstari wa boksi dogo, mita 5.5 kutoka golini, timu nzima imepanga ukuta kwenye mstari wa goli. Nilisindikizwa na mgambo.

Chalii wa Ngarenaro

Refa swali. Kwenye penalti je? Kipa akipangua, mpigaji anaweza kuurudia?

Filimbi Mfukoni (Moshi)

Akipangua kipa, anaweza. Xabi Alonso wa Liverpool alifanya hivyo Istanbul 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa, kipa wa Milan Dida kaokoa, yeye kamalizia, Liverpool wakasawazisha 3-3. Ukigonga mwamba bila kuguswa na kipa, mpigaji haruhusiwi mpaka mwingine auguse. Na hizo za kuamua mshindi baada ya mechi hazina kurudia kabisa.

Mabeki wengi kwenye penalti wanasimama nyuma ya washambuliaji wanapiga stori. Nafasi za mbele kwenye ukingo wa 18 ni za anayewahi. Wahini ninyi.

Mama Nai (Moshi)

Nimesoma kimya ila nimeshindwa kunyamaza. Mimi ni beki wa kati, timu ya wanawake, siku hizi nacheza nikishamwacha mtoto kwa bibi yake.

Kaka Beki Namba Tano, hoja nakubaliana nazo ila hapo uliposema "hata iwe kona" nakataa. Kona mchangani si mapumziko. Ukiwa umepigwa na mvua, kipa wako ametoka kutema mpira, mikono inamtetemeka, moyo umeshuka, halafu unamletea kona? Unamwita tena kwenye mtihani uleule dakika moja baadaye, safari hii akiwa amezungukwa na watu saba. Mimi nikipata nafasi ya kuchagua, na mara nyingi ipo kuliko tunavyodhani, mpira nauchota uende pembeni, utoke kwa kurushwa. Inanigharimu hatua moja zaidi. Kona natoa pale ambapo pua yangu inagusa mwamba.

Halafu zoezi. Wanaume mnapenda kuongea, mazoezini mnapiga mashuti tu. Sisi kocha wetu anasimama kwenye ukingo wa 18 na mipira kumi. Anapiga chini, kipa ameambiwa asidake, auteme makusudi popote. Pembeni ya kocha wanasimama beki na straika, mabega yanagusana, migongo kwa goli. Hawaruhusiwi kugeuka mpaka wasikie mguu unagonga mpira. Wakisikia, mbio. Straika akifunga, pointi yake. Beki akiutoa katikati ya koni zilizo pembeni, pointi yake. Beki akiubutua kuelekea katikati, hata ukienda mbali, hapati kitu, na anapiga pushapu tano. Siku ya kwanza nilipiga pushapu mpaka nikalia. Wiki ya tatu nilianza kugundua kitu: sauti ya mguu ukigonga mpira inatosha kujua shuti ni la chini au la juu. Mpira uliolowa unalia tofauti kabisa, kama kofi. Nikisikia kofi najua huu utatemwa, nakuwa nimeshaondoka.

Kaka, mpigie simu huyo mtoto. Usimwandikie, mpigie.

Mangi wa Njoro (ughaibuni)

Salamu kutoka Marekani, baridi imetuvunja. Nimezaliwa Njoro, Moshi, niko huku mwaka wa 9.

Nimecheka kwa sababu huku kwenye mpira wao ule wa yai hii mada ni somo zima. Mchezaji akidondosha mpira kule hakuna filimbi, ni wa atakayeupata. Na mpira wenyewe una ncha mbili, ukidondoka unaruka kama chura, hujui unakwenda wapi. Mwanangu anacheza timu ya shule na kocha wao amewafundisha mambo mawili tu: ukiwa kwenye msongamano, ulalie, jikunje ubavu, magoti juu, uukumbatie tumboni kama mtoto mchanga maana wanakuja wanaume sita juu yako. Ukiwa uko peke yako na mbele kweupe, okota ukimbie. Kosa linalowagharimu ni kutaka kuokota wakati ilitakiwa kulala.

Wana hadithi zao. Novemba 1978 timu ya New York Giants ilikuwa inaongoza 17-12, zimebaki sekunde, walitakiwa tu kupiga goti muda uishe. Wakaamua kupeana mpira mkononi, ukadondoka, beki wa Philadelphia Eagles anaitwa Herman Edwards akauokota ukiwa unadunda, akakimbia yadi 26 mpaka mwisho. 19-17. Huyo alikuwa anakimbilia mpira ambao kwa akili ya kawaida usingedondoka. Ni hoja yako hiyohiyo kocha, kimbia kana kwamba utatemwa.

Na kuna kinyume chake. Novemba 1993, Dallas, theluji uwanjani. Miami wanapiga mkwaju wa kushinda, unazuiwa, mpira unateleza kwenye theluji. Dallas wanaongoza 14-13. Wakiuacha tu ulale pale mechi imekwisha, wameshinda. Wachezaji wa Dallas wanapunga mikono, msiguse, msiguse. Anatokea beki wao mmoja, Leon Lett, anakuja mbio anateleza na kuugusa. Ukishaguswa uko hai. Miami wakauwahi, wakapiga tena, 16-14.

Ile ndiyo "yangu" ya Kipa wa Pasua. Kuna mpira wa kukimbilia na kuna mpira wa kuacha.

Kipa wa Pasua (Moshi)

Mangi, mimi hiyo ya kulaliwa na wanaume sita siitaki, vidole vilivyobaki navihitaji. Lakini huyo Lett nimemwelewa. Nimecheza na akina Lett wengi sana hapa Pasua.

Duka la Mitumba

Wakuu nina daluga za mtumba size 41 hadi 44, njumu za chuma zinazofaa tope, niko soko la Kilombero, nitafuteni PM.

Mzee wa Mkeka

Huyu naye katokea nyuma ya mabeki. Hakuna aliyemuona.

Chalii wa Ngarenaro

Mimi bado nina ubishi na mwenye uzi. Kuna kipa anatema kwa sababu mpira umelowa, na kuna kipa anatema kwa sababu anataka kudaka kila kitu ili apigwe picha. Shuti kali la chini kwenye tope unalidaka la nini? Lipangue pembeni. Kipa akipangua pembeni beki hana kazi. Akiulazia mbele katikati ya goli hata mabeki kumi hawamsaidii. Kwa hiyo mgawane, nusu yake nusu yenu.

Beki Namba Tano (Arusha)

Chalii, nusu nakupa. Kwenye tope nimemwambia dogo mara nyingi aanguke na kuusukuma kwenda pembeni, viganja vimefunguka, asijaribu kukumbatia. Ila shuti la Jumapili lilimjia kifuani, kupangua mpira wa kifuani ni vituko. Hilo lilikuwa la kudaka, likateleza, yameisha. Ndiyo maana narudi palepale: kipa anaruhusiwa kuteleza, beki haruhusiwi kutazama.

Sasa habari za leo. Mama Nai, nilimpigia simu. Hakupokea. Nikaenda nyumbani kwao, mama yake akanikaribisha chai, dogo akatoka chumbani akakaa. Sikumpa pole. Nilimwekea video kwenye simu, nikamwambia asijitazame yeye, awatazame wale watatu. Akaitazama mara mbili. Mara ya tatu alipofika kwenye ule mkono uliokuwa juu akacheka, akajizuia, akacheka tena. Mama yake akauliza mnacheka nini, naye akaoneshwa.

Jioni tukafanya zoezi lako lile, migongo kwa goli. Mipira kumi ya kwanza straika nane, mabeki mbili. Pushapu zilipigwa mpaka majirani wakaja kutazama. Beki wangu wa kulia, kwenye mpira wa nne, kocha nimepiga mimi mwenyewe, hakuna refa, hakuna kibendera, hakuna kuotea, akanyoosha mkono. Nimempa koni mbili, moja kila mkono, na kuanzia leo anafanya mazoezi akiwa amezishika. Akiinua moja tu, anazunguka uwanja.

Saa tatu usiku dogo karudi kundini. Kaandika "kesho saa ngapi". Hakuna aliyejibu upuuzi.

Filimbi Mfukoni (Moshi)

Kocha, na mbuzi je? Nani kamla?

Beki Namba Tano (Arusha)

Fainali imeahirishwa mara mbili kwa mvua. Mbuzi bado yuko pale kwenye mti. Kanenepa.